Walivyolisikia neno "mutuache"

Alhamisi, Kindu. Mvua ilianza kabla ya jogoo, na mpaka sasa, alasiri, haijaamua kama inakwisha au inapumzika tu.

Nimechoka. Nalisema hapa mwanzoni ili lisinisumbue katikati. Kazi haijanichosha, maana leo hakuna aliyekuja kuchapisha hata barua ya kuomba ruhusa. Karatasi zimenyonya unyevu na mashine ya fotokopi inazitafuna moja moja. Kinachonichosha ni kuelezwa. Tangu kitabu changu kitoke, watu ambao hawajakisoma wananieleza nilichoandika, nami nakaa nasikiliza kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Kwa mgeni anayefika ukurasa huu leo: mimi ni Bea. Nina chumba kidogo karibu na soko ambako nachapia watu barua na kuwatolea fotokopi. Zamani, miaka yote ya vita, nilikuwa mchuuzi wa mchele na mawese, kwa baiskeli na kwa mtumbwi. Mwaka huu nimetoa kitabu chembamba kinachoitwa Mutuache. Jumamosi nimealikwa redioni kukitetea. Na dada yangu mkubwa, Yaya Odile, ambaye kila Jumapili baada ya misa alikula kwangu, hajakanyaga hapa tangu redio hiyohiyo ilipokizungumzia.

Jumamosi naiogopa kidogo. Jumapili naiogopa zaidi.

Nilipika sombe, majani ya muhogo, Jumapili iliyopita, nikaweka sahani mbili kama kawaida, nikaila sombe yangu nikitazama ile sahani nyingine. Hajanitukana. Hajatuma mtu na maneno. Nikimpigia simu anasema yuko na kazi ya shule. Yaya ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi ya shule haiishi, lakini miaka yote hiyo haikuwahi kumzuia kula sombe.

Basi kitabu kinasema nini? Kinasema watu wa Maniema, jimbo letu hili, wanajua kujilisha, na kwamba anayetaka kuwasaidia aanze kwa kuwaondokea njiani. Mchimbaji wa Kampene anatoa jiwe ardhini kwa mikono yake, na kabla halijafika Kindu limeshakuwa nusu la watu wengine. Mkulima wa Tunda anaogopa kuleta mchele mjini kuliko anavyoogopa nyoka, kwa sababu nyoka anauma mara moja, na bariere, vizuizi vya njiani, ni nyingi. Kwenye kila bariere kuna kamba, kuna benchi, kuna mtu anayetaka karatasi ambayo yeye mwenyewe hajui inafananaje. Niliandika pia kwamba Serikali sisi huku tunaiita Leta, tumeitoa kwenye Kifaransa, l'État, lakini sikio la Mswahili linasikia humo amri tu: leta! Leta kuku. Leta sukari ya mkubwa. Nilijivunia sana ukurasa huo. Nilicheka peke yangu nikiuandika.

Mawazo hayo sikuyaokota yote barabarani. Baada ya vita, simu zenye intaneti zilipofika Kindu, nilikuta vitabu vya watu ambao kwa Kifaransa wanaitwa libertarieni. Wanasema mtu ni wake mwenyewe, jasho lake ni lake, na Serikali ibakiwe na kazi chache sana. Wengine wanasema isiwepo kabisa. Nilivisoma kama mtu aliye ugenini akasikia nyuma ya ukuta mtu anaongea lugha ya mama yake. Mega za intaneti zikibaki, nilisoma pia jinsi wahakiki wa magazeti makubwa ya nje wanavyovijibu vitabu hivyo. Hapo ndipo uchovu wangu ulipoanza, miaka kabla sijawa mwandishi.

Maana ukisoma uhakiki mmoja umesoma yote. Kwanza mwandishi anachekwa: ni tajiri, au ametumwa na matajiri, au ni kijana ambaye hajawahi kuumwa hata jino. Kisha linakuja swali, na halikosi kamwe: nani atajenga barabara? Mara ya kwanza kulikuta nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna habari gani. Nani atajenga barabara! Na mwenye kuuliza anaishi katika mji ambao barabara zake zinafagiliwa. Aje apande pikipiki aende Punia msimu huu wa mvua, ashuke asukume, apande tena, avuke daraja la magogo huku ameshika sala kwa mkono mmoja na pikipiki kwa mwingine, halafu aniulize upya. Leta sisi tunaye, na swali la barabara tunalo vilevile.

Nisiwe mwongo lakini. Wale waandishi nao wananichosha. Mtu wao wa vitabuni amezaliwa mkubwa, ana shamba lake na ukuta wake, hana homa, hana shangazi, hajawahi kubebwa mgongoni. Nimetafuta mama katika vitabu vile, sikumwona. Na wanamjua mwizi mmoja tu, Serikali, kana kwamba mtu mwenye bunduki asiye na kofia ya Serikali ni hadithi ya kutishia watoto. Niliyasema hayo pia katika kitabu changu, ukurasa mzima, na hakuna aliyeuona.

Sasa wahakiki wangu mimi.

Wa kwanza alikuwa wa gazeti moja la Kinshasa. Alinipa nusu ukurasa, na picha ambayo ndani yake nimefumba macho. Kiswahili hajui. Hilo si kosa, nchi yetu ni kubwa na mimi Kilingala changu ni cha kununulia samaki tu. Lakini alitaka kuwapa wasomaji wake jina la kitabu kwa Kifaransa, akauliza anakojua mwenyewe, akaandika: Abandonnez-nous. Yaani, mtutupe. Mtutelekeze.

Nilikaa nikilitazama neno hilo mpaka chai ikapoa. Ni kweli, kuacha ni kutupa: mwanamume amemwacha mkewe, mtu ameacha mtoto mlangoni pa kanisa. Lakini kuacha ni kumpa mtu nafasi pia: niache nilale, muache mtoto acheze, acha mvua inyeshe. Mtoto yeyote wa Kindu anazijua maana zote mbili kabla hajang'oka meno ya utoto, na hazichanganyi, kwa sababu anamwona anayesema. Mhakiki hakuniona. Alichukua maana ya kwanza iliyomjia mkononi akajengea nyumba nzima.

Akaandika kwamba mama mmoja wa Maniema anaomba nchi iwatupe watu wake. Akaandika kwamba nimemeza vitabu vya matajiri wa nje bila kutafuna. Akaandika kwamba falsafa yangu ni Kifungu cha kumi na tano kilichovalishwa kravati shingoni. Kila Mkongomani anakijua kifungu hicho, ambacho hakimo katika katiba yoyote na ndicho pekee tunachokitii: jitafutie mwenyewe. La kravati nililicheka, sikatai. Mtu akikupiga vizuri, mpe haki yake.

Wa pili alikuwa profesa, kwenye televisheni, mtu wa sauti ya taratibu. Alisema, "Anachokitaka mama huyu tulikuwa nacho. Wakati wa vita, kule kwao hapakuwa na Serikali. Awaulize majirani zake kama walikuwa huru." Watu studioni wakapiga makofi. Mimi wakati wa vita nilikuwa hapa Kindu. Yeye sijui alikuwa wapi.

Wa tatu ni wa nyumbani, Papa Faustin, mtangazaji wa redio yetu, mtu mwema ambaye tunasalimiana sokoni tangu zamani. Yeye hakukisoma kitabu, alisoma gazeti. Akalisoma hewani asubuhi, akilitafsiri kwa Kiswahili huku anakwenda. Hivyo neno langu likaondoka Kindu likiitwa "mutuache", likapanda ndege mpaka Kinshasa, likageuzwa Kifaransa, likarudi Kindu likiitwa "mututupe". Yaya Odile alikuwa anasikiliza huku akijifunga kitambaa cha kichwa kwenda shuleni. Papa Faustin alipojua kosa lake alikuja mwenyewe dukani, amevua kofia, akanialika nijibu. Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu.

Kulikuwa na wa nne, naye alinisifu. Ni kijana wa ng'ambo, anavisoma vile vitabu vya libertarieni kama katekisimu. Hajui Kiswahili, alisoma maelezo ya gazeti lilelile, akafurahi kwa jambo lilelile lililowakasirisha wengine. Aliniandikia kwamba nimebahatika kuishi mahali ambapo Serikali iliondoka kweli. Nimebahatika.  

Wote wanne, hakuna hata mmoja aliyemtaja mtoto.

Mtoto yuko katikati ya kitabu. Ukikisoma huwezi kumruka, kwa sababu kila kitu kilichomo kinatoka kwake. Nilidhani watanipinga kwa ajili yake, au watanionea huruma, au watasema nimemtumia vibaya. Sikujitayarisha kwa hili la kutomwona kabisa.

Basi nimwandike tena hapa, ambapo hakuna wa kutafsiri.

Baba yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Mimi na Yaya tulizaliwa kambi ya reli, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, shule upande huu na zahanati upande ule, na yote hayo yalikuwa ya Leta. Kwa Baba hilo halikuwa neno la kuchekesha. Gari-moshi likilia kwa mbali alikuwa akinyoosha kidole na kusema, "Munasikia? Leta njo ule analeta." Leta ndiye yule anayeleta. Na kweli lilileta: chumvi, unga, daftari za shule, dawa, mjomba wa Kasai na mbuzi wake. Baba alikufa reli ikiwa bado inatembea, na mara nyingine nadhani Mungu alimhurumia.

Kisha vita. Reli ikalala, nyasi zikaota katikati ya vyuma, na kila mtu akaishi kwa alichoweza kubeba. Tulikuwa tumejificha ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, kwa watu wa shamba. Asubuhi moja Kapinga, mtoto wa Yaya, mtoto wake wa pekee, aliamka na homa kali, na jua lilipopanda akaanza kukakamaa. Hospitali ilikuwa upande wa mji. Tukambeba mpaka mahali pa mitumbwi.

Pale walikuwa wamefunga kamba njiani. Bariere. Wanaume wenye bunduki walikaa kivulini. Wakataka karatasi ya kusafiria. Nani alikuwa na karatasi? Wakataka mchele niliokuwa nao, nikatoa. Wakataka kitenge nilichojifunga juu ya kingine, nikakifungua nikatoa. Kisha wakasema mkubwa wao amelala, na kamba inafunguliwa na mkubwa tu. Yaya alisimama mbele ya kamba ile na mtoto kifuani, akawa anasema neno lilelile, hapigi kelele, hatukani: mutuache. Mutuache. Wenye mitumbwi walitutazama kisha wakatazama maji. Jua lilikuwa limekwishavuka utosi mkubwa alipoamka, akanawa uso, akatutazama kama watu wanaomdai chai, akafungua.

Tulipofika katikati ya mto Yaya aliniambia niache kumhimiza mpiga kasia. Kapinga alikuwa ameshakufa.

Nilimpenda mtoto yule. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisa kwa maneno yake mwenyewe, akimtukuza Bwana kwa ajili ya ndizi. Ni miaka mingi sasa.

Kwa hiyo profesa akisema hapakuwa na Serikali, mimi nauliza kamba ilikuwa ya nani. Wale watu walisema wao ndio Leta wa pale. Walikuwa na mhuri. Walikuwa na meza. Na vita vilipokwisha kamba haikwisha. Nguo za waliokaa kivulini ndizo zilizobadilika. Hilo ndilo nililoandika. Kabla sijaandika nilimwendea Yaya kuomba ruhusa. Alinipa jibu siku nyingine kabisa, tukiwa tunachambua mchele. "Andika," alisema. "Lakini uandike muzuri."

Ndiyo maana kimya chake kinaniuma kuliko gazeti. Gazeti litafungiwa maandazi wiki ijayo. Yaya akiamini kwamba nimesimama mbele ya nchi nzima na kusema sisi tunaomba kutupwa, basi nimempoteza, na sitampata kwa kusema vizuri redioni.

Nasikia mtu anagonga. Katika mvua hii.

*

Narudi kuandika. Mvua imekatika, jua la jioni limetoka kana kwamba halina habari.

Aliyegonga alikuwa Yaya.

Mwavuli wake ulikuwa umevunjika mbavu upande mmoja, bega lote limelowa. Mkononi alishika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kitabu changu, kikavu kuliko yeye. Alikinunua mwenyewe parokiani, wala hakuniambia. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilimletea kitambaa cha kujifutia, akakipokea, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Bea, nimesoma. Yote."

"Aksanti, Yaya."

"Usiniambie aksanti bado."

Nikakaa. Nimechambuliwa na gazeti na kupingwa kwenye televisheni, lakini sijawahi kuogopa hukumu kama dakika ile, mbele ya mwanamke anayepangusa miwani kwa ncha ya kitenge.

Akasema yule muntu wa Kinshasa hakusoma kitabu, kama angesoma angemuona mutoto. Nikasema ndiyo. Akasema profesa naye hakusoma. Nikasema ndiyo. Nilianza kujisikia vizuri, nikafikiri tumeshamaliza, niende nikaweke maji ya chai. Naye akageuza kitabu, akaweka kidole juu ya jalada, juu ya jina lenyewe.

"Na wewe je? Kwa nini ulikata neno?"

Sikuelewa.

"Ile siku sikusema mutuache. Nilisema mutuache tupite. Ndani umeandika yote mawili, nimeona. Hapa juu ukakata. Tupite iko wapi?"

Ukweli ni kwamba jina la kwanza la kitabu lilikuwa Mutuache Tupite. Mpiga chapa wa Kisangani aliniambia ni refu, neno moja linampiga mtu usoni, maneno mawili yanamfanya asome. Nilicheka nikakubali, nikaona anaijua kazi yake. Na tazama juu hapo, msomaji, nilichoandika leo hii kabla Yaya hajagonga mlango, nikisimulia siku ile kwa uchungu wangu wote: "neno lilelile, mutuache." Nimelikata tena. Limekatika mpaka kichwani mwangu. Siwezi kulifuta sasa, acha libaki mlione.

Yaya hakuwa amemaliza. "Tupite tuende wapi, Bea?"

"Hospitali."

"Hospitali iko ya nani?"

Nilijua anakonipeleka. Nikamjibu pole pole, "Ya Leta."

"Njo vile. Munganga alikuwa kule. Hawakumulipa, hakuwa na dawa mingi, lakini alikuwa kule ananingoja. Kama nilitaka watuache tu, ningebaki kwa shamba. Kule kwa shamba walikuwa wametuacha kabisa."

Jibu ninalo. Liko katika sura ya mwisho: hospitali inaweza kuwa ya misheni, inaweza kuwa ya watu waliochanga, si lazima iwe ya mwenye mhuri. Ni jibu zuri, nimelifikiria kwa miaka. Nilifungua mdomo kulitoa, nikaona viatu vyake, viatu vya mwalimu vilivyojaa tope la kutoka shuleni mpaka kwangu, nikaufunga. Kuna majibu ambayo ni ya kweli na bado si ya kusema mtu akiwa amelowa.

Nikamwambia tu, "Papa yetu angekupa wewe haki. Leta njo ule analeta."

"Na wewe umeandika Leta njo ule anasema leta," akasema. "Leta kuku!" Akacheka. Alicheka bila kutaka, akaziba mdomo, na mimi nikacheka kwa sababu kicheko chake sikukisikia siku nyingi. Tukacheka kama wasichana wa kambi. Kisha akaacha kucheka lakini mkono ukabaki mdomoni.

"Nilisikia kwa redio," akasema kutoka nyuma ya mkono. "Nikafikiri sasa watu wote wanajua kama nilisimama pale naomba watutupe. Mimi na Kapinga wangu."

Jina hilo sikuwahi kumsikia akilitamka tangu mtumbwini. Anasemaga "mutoto". Tumekuwa tukimwita hivyo miaka yote, wote wawili, na nilidhani anafanya hivyo ili mimi pia nisiumie.

Nililia. Sioni haya kuandika. Yaya hakulia, alinipa kile kitambaa nilichomletea yeye, akaanza kuniuliza kama nimekula.

Baada ya chai tukazungumza kama watu. Hatukukubaliana. Anasema bariere ziondoke zote, hata kesho, na ataikata kamba ya kwanza kwa meno. Lakini anataka Leta abaki, afanye kazi yake, alete. Mimi nasema Leta hajui kuleta bila kufunga kamba, nimemtazama muda mrefu. Anasema mimi ni mchuuzi, naona njia tu, sioni mwisho wa njia. Nasema yeye ni binti wa kambi ya reli, bado anasubiri gari-moshi. Maneno makali, lakini tuliyasema huku tunagawana ndizi. Nikawaza kwamba huu ndio uhakiki wa kwanza nilioupata. Mtu amesoma, amekasirika mahali panapostahili, ameweka kidole juu ya neno.

Na uchovu bado ninao, nisijidanganye. Kinshasa hawatasoma maandishi haya. Profesa ataendelea kuuliza maswali ambayo hasubiri jibu, na yule kijana wa ng'ambo ataendelea kuniona nimebahatika. Mwakani atatokea mwandishi mwingine, pengine mzuri kuliko mimi, nao watamuuliza nani atajenga barabara.

Yaya alichungulia nje akaona anga limefunguka. Akajifunga kitenge, akachukua mwavuli wake mbovu. Kitabu alikiacha mezani, nikamrudishia, akakipokea.

"Jumamosi utasema nini?"

Nikamwambia sijui. Labda nitaeleza kuacha ni nini na kuacha ni nini. Labda nitalaumu mpiga chapa. Labda nitasimulia siku ile tangu mwanzo, kama watanipa muda.

"Siku ile unaijua nusu," akasema. "Ulikuwa unaangalia kamba. Mimi nilikuwa naangalia ng'ambo, kule kwa hospitali."

Akatoka mpaka kizingitini. Nilitaka kumzuia angoje barabara ikauke kidogo, nikamshika mkono.

"Niache niende, kuko giza karibu," akasema. Akashuka ngazi moja, akageuka. "Jumamosi upite kunichukua. Usiniache."

Nikasema, "Sitakuacha, Yaya."

Toleo la pili, likitokea, litakuwa na maneno mawili kwenye jalada. Mpiga chapa apunguze herufi. Lakini hilo ni baadaye. Sasa hivi nampigia simu Papa Faustin nimwambie atafute kiti cha pili.